Sura ya Tano: Damu, Mnyoo na Yai Ndani ya Yai

Anayefuga kuku wachache uani, iwe Sumbawanga mjini, Laela au Matai, siku moja atavunja yai na kushtuka. Tone la damu limekaa juu ya kiini. Au hakuna kiini kabisa. Au kuna kitu cheupe, chembamba, kimejiviringisha ndani ya ute. Katika mkoa ambao Watanzania wa kwingine wanauhusisha upesi na uchawi, ni rahisi yai la namna hiyo kutupwa mbali na jirani kuanza kutazamwa kwa jicho baya. Jambo hilo linaniuma, kwa kuwa yai hilo limebeba habari za kuku, na zikitupwa jalalani kuku anabaki na ugonjwa wake.

Tuingie ndani ya kuku. Tetea ana ovari moja tu inayofanya kazi, ya upande wa kushoto. Kiini kikishapevuka kinaachiwa na kudakwa na mdomo wa mrija wa mayai. Humo ndimo mbegu za jogoo hukutana nacho, ndani ya muda wa kama robo saa. Kinateremka na kuvikwa ute kwa saa 3 hivi, kinapata utando kwa saa moja na kidogo, kisha kinakaa takriban saa 20 kikijengewa ganda. Safari nzima ni saa 24 hadi 26. Kila ajabu ina mahali pake katika njia hiyo, na ukipajua umeijua nusu ya sababu.

Damu inatoka mwanzoni kabisa. Kiini kinakulia ndani ya kifuko kilichojaa mishipa ya damu, isipokuwa kwenye mstari mmoja ambapo kifuko kinatakiwa kupasukia. Kikipasuka nje ya mstari huo, mshipa unakatika na tone linaganda juu ya kiini. Wengi husema hiyo ni dalili kwamba jogoo amempanda. Si kweli, hata tetea asiyewahi kuona jogoo hutaga yai lenye damu. Ukoo unachangia, mshtuko unachangia, na ukosefu wa vitamini A pia. Doa la kahawia kwenye ute mara nyingi ni chembe ya nyama iliyobanduka kwenye mrija. Yote mawili unayatoa kwa ncha ya kijiko, kisha yai linaliwa.

Chembe kama hiyo ikiteremka peke yake, mrija unaivika ute na ganda kana kwamba ni kiini, na kinatoka kiyai kidogo kisicho na kiini. Viyai hivyo viliwatisha watu wa mbali pia: mwaka 1474, huko Basel, Uswisi, jogoo alishtakiwa kwa kutaga yai, akahukumiwa na kuchomwa moto. Leo tunajua kwamba tetea ambaye ovari yake imeharibika anaweza kuota upanga na kuwika kama jogoo.

Yai ndani ya yai ni nadra zaidi. Yai lililokamilika, ganda na yote, linasukumwa kurudi juu badala ya kutoka, linakutana na kiini kinachofuata, na vyote viwili vinavikwa ute na ganda jipya. Kuku aliyekurupushwa na mbwa au mwewe wakati wa kutaga anaweza kufikwa na hilo. Linaliwa bila hofu.

Mnyoo ndiye anayestahili kutazamwa kwa makini. Ni mweupe, mviringo, mwenye ncha mbili zilizochongoka, na jike hufikia sentimita 7 hadi 12. Wataalamu wanamwita Ascaridia galli. Makao yake ni utumbo mwembamba, lakini kuku ana tundu moja la kutolea kinyesi na yai. Minyoo wakizidi, mmoja anateremka hadi kwenye tundu hilo, anapanda mrija wa mayai, na huko anafunikwa ute na kufungiwa ndani ya ganda. Hamwambukizi binadamu. Hata hivyo yai hilo usile, maana linakuambia kwamba kuku wako wamejaa minyoo. Mayai ya mnyoo hudumu miezi mingi kwenye udongo wenye unyevu, na huku kwetu Ufipa mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili. Wape kuku wote dawa ya minyoo kwa wakati mmoja, badilisha matandazo ya banda, na usile wala kuuza mayai kwa siku zilizoandikwa kwenye kibandiko cha dawa.

Rangi ya kiini ni suala la chakula. Mahindi ya kwetu ni meupe, kwa hiyo kuku anayefungiwa kwa pumba tupu hutaga kiini kilichopauka. Mpe majani mabichi kitakolea. Mashudu ya alizeti hayana shida, lakini ya pamba yana gosipoli, inayokigeuza kiini kuwa cha kijani kilichofifia au kahawia.

Ganda laini mara nyingi ni njaa ya kalsiamu: kausha maganda ya mayai, yasage, changanya na pumba. Mayai yakitoka hivyo kwa kuku wengi kwa mpigo, fikiria kideri. Chanjo ya kideri iitwayo I-2 hutolewa tone moja jichoni, kila baada ya miezi 3, kwa kuku wasio wagonjwa tu.

Kinachotisha kweli kinafanana na yai lakini silo: bonge gumu la rangi ya maziwa, lenye matabaka ukilikata, linalonuka. Huo ni usaha ulioganda kwenye mrija uliovimba kwa bakteria. Mtenge kuku huyo, mayai yake yasiliwe, umwite mtaalamu wa mifugo wa kata.

Basi, ndugu msomaji, kila yai la uani livunje kwanza kwenye kibakuli chake kabla ya kulichanganya na mengine, na ukikuta ajabu, mtafute kuku aliyelitaga.