Inzi ya choo iliyodanganya wenye elimu

Ndugu musomaji, wewe unayekaa karibu na machimbo unajua: jiwe halisemi uongo, lakini mutu anaweza kulisemesha uongo. Sikiliza habari ya inzi moja.

Zamani sana, mu misitu ya upande wa bahari ya Baltiki, miti ilitoa ulimbo, na inzi zikanaswa ndani. Ulimbo ule ukakauka, ukawa mugumu sawa jiwe la rangi ya asali. Linaitwa ambri, na umri wake ni karibu miaka milioni 40. Kule Kaliningrad, inchi ya Urusi, wanalichimba mu shimo kubwa la wazi, sawa sisi na shaba.

Inzi ya namna hii inapewa jina namna gani? Kwanza wanasugua ambri mpaka ing'ae, kisha wanaitazama mu mikroskopi. Inzi iko na mabawa mbili tu, si ine sawa nyuki. Wanafuata mishipa ya bawa, wanahesabu nywele ngumu za mugongo na za miguu, kisha wanalinganisha na inzi za leo. Willi Hennig, Mujerumani, alikuwa fundi mukubwa wa kazi hiyo.

Mu mwaka 1966 Hennig aliandika juu ya inzi moja ya ambri ambayo jumba la makumbusho la London lilinunua mu 1922. Akaona ni Fannia scalaris, inzi ya choo inayoishi hata leo. Ajabu! Miaka yote ile bila kugeuka hata kidogo?

Mu 1993 Andrew Ross alikuwa anaitazama tena. Joto la taa likafungua mupasuko kuzunguka inzi. Kumbe, mutu alipasua ambri vipande viwili, akachimba kashimo, akatia inzi ya siku zake, akafunga tena!

Angalia vizuri: Hennig hakukosea jina la inzi. Alikosea kwa sababu aliamini jiwe.

Basi, ndugu, mutu akikuletea jiwe la bei, ligeuze, tafuta maungio. Na mutoto wako akikuuliza tena jambo ambalo wakubwa walikwisha kukata, usimufokee. Inzi ile ilikaa miaka 71 mu makumbusho, mpaka mutu mumoja alipoitazama tena. Ukweli hauogopi kutazamwa mara ya pili.