Kichwa cha Nduna Songea na swali la mtoto: sisi ni wa ukoo gani?

Mtoto akishafundishwa Vita vya Majimaji darasani, jioni hiyo hiyo anaweza kurudi na swali: babu zetu walikuwa wapi wakati ule, na sisi ni wa ukoo gani? Mkoani Ruvuma swali hilo si la mchezo. Kuna familia ambayo hadi leo inatafuta kichwa cha mzee wao.

Mzee huyo ni Nduna Songea Mbano, ambaye mji wa Songea umebeba jina lake. Wajerumani walimnyonga mwaka 1906, na wazao wake wanaamini kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Makumbusho ya Majimaji mjini Songea, akakutana na wazao hao na kuomba msamaha. Aliahidi msaada wa kukitafuta kichwa hicho. Hakuahidi kwamba kitapatikana, na hapo alisema kweli.

Ugumu unaonekana kwenye hesabu. Watafiti wa Berlin walichunguza mafuvu 1,135 yaliyochukuliwa enzi za ukoloni kutoka Afrika Mashariki ya Wajerumani. Walibaini kuwa 904 ni ya Rwanda ya leo, 202 ya Tanzania na 22 ya Kenya. Mengi yalihifadhiwa kwa namba na maandishi mafupi, si kwa majina ya marehemu.

Hata hivyo, Septemba 2023 ilitangazwa habari iliyowapa watu moyo. Vinasaba vya fuvu moja vililingana kabisa na vya mzao wa Akida, mshauri wa Mangi Meli wa Old Moshi aliyenyongwa mwaka 1900. Mafuvu mengine mawili yalikaribia kulingana na ya watu wa familia za Kichaga. Zaidi ya miaka 100 ilikuwa imepita, na kilichohitajika kwa walio hai kilikuwa mate tu.

Kipimo kinasema nini

Kila mtoto hupata nusu ya vinasaba vyake kwa mama na nusu kwa baba. Maabara hulinganisha sehemu 20 hivi ambazo hutofautiana sana kati ya mtu na mtu. Kwa mtoto na mzazi jibu huwa wazi. Lakini kadiri vizazi vinavyosogea, kinachobaki hupungua: mjukuu ana robo hivi ya vinasaba vya babu yake, kitukuu asilimia 12 na ushei, kilembwe 6 hivi. Ndiyo maana mzee aliye hai ana thamani kubwa katika upimaji kuliko vijana kumi wa ukoo huo huo.

Kwa safari ndefu kama ya mwaka 1906, wataalamu hutumia njia mbili zaidi. Kuna kromosomu Y, ambayo baba humpa mtoto wa kiume karibu bila kubadilika, na kuna vinasaba vya mitokondria, ambavyo watoto wote huvipata kwa mama peke yake.

Hapo watu wa Ruvuma wana la kutabasamu. Wangoni huhesabu ukoo kwa baba, kama kromosomu Y inavyosafiri. Wayao, walio wengi upande wa Tunduru na vijiji kama Namasakata, kwa desturi yao ya zamani huhesabu ukoo kwa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli. Mitokondria nayo hufuata njia hiyo ya mama. Bibi wa Kiyao anayetaja mama, mama wa mama na bibi yao anataja mstari ule ule ambao maabara ingeufuata.

Ila vipimo hivi haviwezi kumtenganisha mtu na ndugu yake wa tumbo moja na baba mmoja, maana wote wamerithi kitu kile kile. Wala havitoi kabila kwa uhakika. Wangoni walivuka mto Zambezi mwaka 1835 wakitokea kusini, na njiani wakachukua watu wa jamii nyingi wakawafanya wa kwao. Vinasaba vya Mngoni wa leo vina safari hiyo yote ndani yake. Alama za jamii zinaweza kuonyesha eneo pana la asili. Jina la marehemu linahitaji ndugu wa kulinganisha naye.

Wakenya wamelijua hilo kwa uchungu. Katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 tangu mwaka 2023. Familia za kwanza zilikabidhiwa ndugu zao Machi 2024 baada ya vipimo vya vinasaba, na miili mingi ilibaki bila jina kwa kuwa hakuna ndugu aliyejitokeza kutoa sampuli.

Kwa mzazi anayewaza kupima

Hapa Tanzania kazi hii inasimamiwa na Sheria ya mwaka 2009 ya vinasaba vya binadamu, na hufanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Baba mwenye mashaka hawezi kumbeba mtoto tu hadi maabara. Maombi hupitia kwa wenye mamlaka, kama mahakama, wakili au ofisi ya Ustawi wa Jamii. Utaratibu huo unawaudhi wengine, lakini unamlinda mtoto, ambaye ndiye atakayeishi na jibu.

Kwa swali la ukoo, kazi ya kwanza haihitaji maabara. Ni daftari, na mzee anayekumbuka: majina ya pande zote mbili, kijiji alikozaliwa kila mmoja, nani alizikwa wapi, nani aliondoka asirudi. Watafiti wa Berlin nao walianza na kumbukumbu za maandishi na majina ya mahali, ndipo wakajua waombe mate kwa nani.