Darasa Ndani ya Bwawa Lisilokuwepo

Siku moja ya kiangazi samaki wakubwa wa bwawa wanakutwa wanaelea matumbo juu, wamekufa. Wanafunzi wanagawana kazi: mmoja anapima maji, mwingine anahesabu samaki na ndege, wa tatu anachunguza viumbe visivyoonekana kwa macho, wa nne anawahoji watu waliopo ukingoni. Wanarudi nyuma wiki kadhaa, wanapima tena, wanalinganisha grafu. Kidogo kidogo kisa kinafumbuka. Mbolea iliyotiwa kwenye nyasi za makazi ya jirani ilisombwa na mvua hadi bwawani, mwani ukastawi kupita kiasi kisha ukafa, na bakteria waliouozesha wakaimaliza oksijeni ya majini. Samaki walikufa kwa kukosa hewa. Bwawa hilo halipo popote duniani. Limo ndani ya kompyuta, katika programu ya EcoMUVE iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kwa wanafunzi wa miaka kama 11 hadi 14.

Mahali pa namna hii huitwa ulimwengu pepe: mazingira yaliyochorwa kwa kompyuta, ambamo kila mtu anawakilishwa na umbo, yaani avata, linalotembea, kushika vitu na kuzungumza na maumbo ya wenzake. Wapo wanaoamini kuwa ndilo darasa la kesho, na wapo wanaouona kuwa mchezo wa watoto wa matajiri. Pande zote mbili zinaukosa msingi wa jambo. Ulimwengu pepe unastahili kuitwa darasa pale tu unapomwezesha mwanafunzi kufanya jambo ambalo darasa la matofali haliwezi kumpa. Ukiliiga darasa hilo, unabaki kuwa pambo la gharama.

Historia ya Second Life inalionyesha hilo. Ulimwengu huu ulifunguliwa mwaka 2003 na kampuni ya Linden Lab, na baada ya miaka michache vyuo vikuu vingi vilikuwa vimelipia “visiwa” ndani yake. Vingi vilijenga kumbi zenye viti, jukwaa na skrini. Avata wakaketi kwa safu kumsikiliza avata wa mhadhiri. Mwaka 2010 kampuni ilipotangaza kufuta punguzo la nusu bei lililotolewa kwa taasisi za elimu, vyuo kadhaa viliondoka. Bei iliuma, lakini mhadhara ambao mtu angeweza kuusikiliza redioni haukuwa sababu nzito ya kubaki. Lakini humo humo, daktari wa magonjwa ya akili Peter Yellowlees wa Chuo Kikuu cha California, Davis, alitengeneza wodi ambamo mgeni husikia sauti zikimkejeli na kuona sakafu ikitoweka chini ya miguu yake, kwa kufuata masimulizi ya wagonjwa wa skizofrenia wenyewe. Hakuna ukumbi wa mihadhara unaoweza kumpeleka mwanafunzi huko.

Bwawa la EcoMUVE lina nguvu hiyo hiyo. Anayeona samaki waliokufa hukimbilia kulaumu kilicho karibu, labda sumu iliyomwagwa jana. Kumbe chanzo kiko nje ya bwawa, kwenye nyasi za makazi ya jirani, na kilianza wiki kadhaa nyuma. Darasani mwalimu huyaeleza hayo kwa mchoro mmoja ubaoni. Bwawani mwanafunzi mwenyewe anavuka siku na masafa hadi akutane na chanzo. Tena anaruhusiwa kukosea. Wahenga walisema mtoto akililia wembe, mpe. Hapa wembe unafundisha bila kukata kidole, na ndiyo sababu marubani wamekuwa wakifunzwa kwa mashine za kuiga ndege tangu zama za Edwin Link, aliyeunda ya kwake mwaka 1929.

Pingamizi zito linatoka kwa watafiti wenyewe. Mwaka 2019 Guido Makransky na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha jaribio la maabara lililoigizwa kwenye skrini ya kawaida na jaribio hilo hilo kwa miwani ya uhalisia pepe, ile inayomzungushia mtu picha pande zote. Waliovaa miwani walijihisi wamo maabara kweli kweli, lakini walijifunza machache kuliko waliotumia skrini. Msisimko uliichosha akili. Matokeo haya hayaubomoi ulimwengu pepe. Yanatuonya tusinunue mng’aro kwa jina la elimu. Bwawa letu lilionekana kwenye kompyuta ya kawaida, bila miwani yoyote.

Gharama nayo ni hoja ya haki katika shule ambako umeme unakatika na kompyuta moja inagombewa na darasa zima. Hata hivyo si kila kitu kinadai fedha nyingi: majaribio ya sayansi ya PhET, ya Chuo Kikuu cha Colorado, ni ya bure, baadhi yametafsiriwa kwa Kiswahili, na yakishapakuliwa hayahitaji intaneti. Wengine wanahofia kwamba skrini itamtenga mtoto na udongo na maji halisi. Hofu hiyo ina msingi, na jibu lake liko Kisumu na Mwanza. Ziwa Victoria linaugua ugonjwa ule ule wa bwawa: maji yenye mbolea na taka, mwani, magugu maji, samaki wanaokosa hewa. Mtoto aliyekwisha kuutambua mkondo huo katika bwawa la kuchorwa atafika ufukweni na chupa yake ya maji akijua anatafuta nini. Skrini imtangulize ziwani, isichukue nafasi ya ziwa.

Basi mwalimu mkuu, mzazi au ofisa wa elimu anayeletewa programu mpya asishangilie picha zake. Aulize swali moja: humo ndani mwanafunzi atafanya nini ambacho hawezi kukifanya kwenye dawati lake? Jibu likikosekana, fedha hiyo inunue vitabu.