Nani Anamfukuza Kocha? Somo la Uwanja wa Lake Tanganyika

Aprili 9, 2024, Simba ilitolewa mashindanoni kwenye Uwanja wa Lake Tanganyika mjini Kigoma. Ilikuwa mechi ya Kombe la Shirikisho la Tanzania. Dakika 90 ziliisha 1-1, timu zikaenda kwenye matuta, na Mashujaa FC, iliyokuwa katika msimu wake wa kwanza Ligi Kuu, ikapita kwa penalti 6-5. Siku 11 baadaye Simba ikafungwa 2-1 na Yanga. Aprili 28 klabu ikatangaza kuachana na kocha wake Mwalgeria, Abdelhak Benchikha. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kifamilia, na siku moja kabla alikuwa ameipa timu Kombe la Muungano kule Zanzibar. Lakini Mnyama kutolewa Kigoma, Mwisho wa Reli, ni jambo lisilosahaulika upesi, na mashabiki wengi waliona kibarua cha Benchikha kilianza kuota nyasi siku ile.

Wasomaji wetu wengi mko Marekani. Wengine mmetoka Ujiji na Kibirizi, wengine mmepitia kambi ya Nyarugusu kule Kasulu kabla ya kuvuka bahari. Huko mliko mnaliona jambo lilelile kwa sura nyingine: chuo kikuu kinatafuta kocha wa futiboli ya Kimarekani, na jimbo zima linataka kusikilizwa. Makala hii inaeleza nguvu ya mashabiki inapita wapi, inaishia wapi, na kwa nini mara nyingi inamwangukia mtu ambaye hakuchagua lolote.

Makocha watatu, uwanja mmoja

Uwanja wa Lake Tanganyika haupokei fainali kila mwaka. Julai 25, 2021 ulipokea moja ambayo Kigoma bado inaizungumza: Simba na Yanga, fainali ya Kombe la Shirikisho, kilomita takriban 1,250 za reli kutoka Dar es Salaam. Yanga ilibaki na wachezaji 10 kabla ya mapumziko baada ya Mukoko Tonombe kuonyeshwa kadi nyekundu. Ikakaza hadi dakika za lala salama. Ikapigwa kona, Mganda Taddeo Lwanga wa Simba akaruka juu ya mabeki na kuutia mpira wavuni kwa kichwa. 1-0, kombe likaenda Msimbazi.

Siku ile Simba ilikuwa chini ya Mfaransa Didier Gomes, Yanga chini ya Mtunisia Nasreddine Nabi aliyekuwa ametua Jangwani miezi mitatu tu nyuma. Kwa hesabu ya kijiweni, Gomes alikuwa salama na Nabi alikuwa matatani. Mambo yakaenda kinyume. Oktoba 24 Simba, iliyokuwa imeshinda 2-0 Botswana, ilifungwa nyumbani 3-1 na Jwaneng Galaxy na kutolewa Ligi ya Mabingwa Afrika kwa mabao ya ugenini. Siku mbili baadaye Gomes hakuwa kocha tena. Nabi alibaki. Msimu uliofuata Yanga ikatwaa ubingwa bila kupoteza mchezo, ikafikisha mechi 49 za ligi bila kufungwa hadi Ihefu ilipoikatia mnyororo huo Novemba 2022, ikatetea ubingwa, na mwaka 2023 ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika.

Nabi hakuvumiliwa kwa bahati tupu. Wiki tatu kabla ya fainali ya Kigoma alikuwa ameifunga Simba 1-0 kwenye ligi, na kwa shabiki wa Yanga ushindi wa namna hiyo hununua miezi kadhaa ya subira. Hapo ndipo pa kuanzia kuielewa nguvu ya mashabiki. Haipimi kazi ya kocha kwa msimu mzima. Inapima mechi mbili tatu ambazo mtu atataniwa nazo kazini, sokoni na msibani.

Anayesaini na anayesukuma

Kisheria shabiki hana kiti kwenye meza ya kumwajiri kocha. Jina hupendekezwa na watu wa ufundi au mawakala, mtendaji mkuu huzungumza masharti, bodi au kamati ya utendaji hupitisha, kisha picha ya kalamu na jezi inarushwa mitandaoni. Shabiki huliona jina pamoja na watu wengine wote.

Hata hivyo Simba na Yanga ni klabu za wanachama. Yanga ya 1935 na Simba ya 1936 zilijengwa na kadi na matawi, na hata baada ya Simba kuingia katika mfumo wa hisa, ambapo wanachama walitengewa asilimia 51 na mwekezaji 49, viongozi wa upande wa wanachama bado wanaomba kura. Yanga nayo ilimpata rais wake Hersi Said kwa uchaguzi wa Julai 2022. Kiongozi anayejua kwamba atarudi mbele ya mkutano mkuu hawezi kuziba masikio. Juu ya kura kuna fedha. Shabiki ndiye anayenunua tiketi na jezi, na mdhamini analipia macho yake. Uwanja ukianza kuwa mtupu, mdhamini anauliza maswali ambayo tawi la Ujiji haliwezi kuuliza.

Njia ya tatu ni kelele, nazo zina ofisi yazo. Vipindi vya michezo vya redio vya asubuhi hulisha vijiwe vya kahawa, vijiwe hulisha simu, simu hurudi redioni. Katikati amekaa ofisa habari wa klabu, kazi ambayo Haji Manara aliigeuza kuwa jukwaa, kwanza Simba, kisha Yanga alikohamia mwaka 2021. Leo Ahmed Ally wa Simba na Ali Kamwe wa Yanga wanajulikana kuliko wajumbe wengi wa bodi. Ofisa habari huwatuliza mashabiki kwa niaba ya uongozi, na huku akiwapelekea viongozi joto la mashabiki. Akianza kusema klabu inalifanyia kazi suala la benchi la ufundi, watu wa mpira wanajua virago vimeshaanza kufungwa.

Kushinda peke yake hakutoshi

Msimu wa 2024/25 Yanga ya Miguel Gamondi ilishinda mechi zake 8 za kwanza za ligi bila kuruhusu bao. Gamondi alikuwa ametoka kuipa klabu ubingwa. Kisha mapema Novemba ikafungwa 1-0 na Azam na 3-1 na Tabora United, na Novemba 15 akatangazwa mrithi wake, Sead Ramovic. Mechi mbili zilifuta nane.

Romain Folz aliajiriwa na Yanga Julai 2025. Septemba 16 akaifunga Simba 1-0 na kubeba Ngao ya Jamii, matokeo ambayo zamani yangempa kocha likizo ya mawazo. Mashabiki hawakutulia. Lawama yao ilikuwa kwamba timu inashinda lakini haichezi, hakuna pasi za kusisimua, hakuna mabao mengi. Ilipofungwa 1-0 na Silver Strikers kule Malawi Oktoba 18 katika Ligi ya Mabingwa Afrika, Folz alifutwa kazi siku hiyohiyo. Wiki moja baadaye Yanga, ikiwa chini ya kocha wa muda Patrick Mabedi, ikashinda marudiano 2-0 Dar na kusonga mbele. Ndipo akaja Pedro Gonçalves, aliyekuwa kocha wa Angola.

Mapenzi nayo yana kikomo chake. Septemba 2022 Simba ilimpa Juma Mgunda timu baada ya Zoran Maki kuondoka. Mashabiki wakampenda, wakambatiza Guardiola Mnene, naye akaifikisha timu hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa. Januari 2023 klabu ikamleta Mbrazili Robertinho na kumshusha Mgunda ngazi moja. Kwa hiyo shabiki anaweza kumchosha kocha hadi aondoke, lakini kumbakiza anayempenda ni kazi nyingine.

Anachoweza ni kuathiri aina ya jina linalofuata. Robertinho aliondoka siku mbili baada ya kipigo cha 5-1 kutoka kwa Yanga, Novemba 5, 2023. Uongozi ulihitaji mtu wa kuzima moto, na Benchikha alikuwa na sifa moja iliyomgusa kila Mwanasimba: miezi mitano kabla alikuwa na USM Alger iliyoinyima Yanga Kombe la Shirikisho Afrika. Ni kocha mwenye wasifu mzito kweli, lakini pia ni jina lililouzika siku hiyo. Na klabu inaponunua jina la kupoza hasira, hasira ikirudi jina hilo halina kinga. Benchikha hakumaliza hata miezi sita.

Tennessee: walipomfuata aliyechagua

Marekani timu za futiboli nilizozitaja mwanzoni ni mali ya vyuo. Anayeajiri kocha ni mkurugenzi wa michezo wa chuo, na nyuma yake wamesimama wafadhili, wengi wao waliosoma hapohapo, wanaochangia mamilioni. Texas A&M ilipomwondoa Jimbo Fisher Novemba 2023, mkataba ulidai alipwe zaidi ya dola milioni 75 ili aende zake. Kwetu klabu ikivunja mkataba huomba mazungumzo. Kule mashabiki wenye fedha wanaweza kuchangishana gharama ya kutovumilia.

Kisa cha Chuo Kikuu cha Tennessee, Knoxville, ndicho cha kukumbuka. Novemba 26, 2017 zilivuma habari kwamba chuo kimekubaliana na Greg Schiano awe kocha. Katika saa chache mashabiki walikusanyika chuoni na kujaa mitandaoni, wanasiasa wa jimbo wakajiunga nao. Wengi walitaja madai yaliyomhusisha Schiano na kashfa ya udhalilishaji wa watoto katika Chuo Kikuu cha Penn State alikowahi kufanya kazi, madai aliyoyakana. Usiku ule mpango ulikufa. Desemba 1 mkurugenzi wa michezo, John Currie, naye akawekwa kando, na kazi ya kutafuta kocha akapewa Phillip Fulmer, kocha wa zamani aliyependwa na mashabiki.

Fulmer akamchagua Jeremy Pruitt. Januari 2021 Pruitt alifukuzwa kufuatia uchunguzi wa ukiukaji wa kanuni za kusajili wachezaji. Mashabiki walishinda vita ya kumzuia mtu mmoja, lakini ushindi huo haukuwapa uhakika wowote juu ya atakayefuata.

Na Mashujaa je?

Kigoma ina jambo lake. Mashujaa, Wazee wa Mapigo na Mwendo, walipanda Ligi Kuu mwaka 2023 kwa kuiondoa Mbeya City kwenye mchujo. Mmiliki wake ni Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Hapa hakuna kadi ya uanachama ya kutishia nayo wala mkutano mkuu wa kumng'oa mwenyekiti. Wakati mmoja kocha alikuwa Meja mstaafu Abdul Mingange, na siku Simba ilipotolewa benchi lilikuwa la Mohamed Abdallah, maarufu kama Bares. Mabadiliko hupita kwa amri ya mwenye timu, na mji huyasikia yameshafanyika.

Tena sehemu kubwa ya mji ina moyo wa pili. Simba au Yanga ikija Lake Tanganyika, nyekundu au njano na kijani hujaa majukwaani kama ugenini ni kwa wenyeji. Watu hao ndio wanaopiga simu redioni Dar kudai kocha wa Simba aondoke, huku kocha anayeishi nao mji mmoja wakimwacha afanye kazi yake. Kwa kocha wa Mashujaa hiyo ni nafuu. Kwa timu ni hasara, kwa sababu uwanja usio na madai huwa pia hauna tiketi za kutosha.

Lawama iende wapi

Ingekuwa rahisi kumaliza kwa kusema subira hushinda, na Nabi awe ushahidi. Lakini msimu ule wa 2024/25 Yanga ilipita mikononi mwa makocha watatu, Gamondi, Ramovic aliyejiondokea Februari kwenda Algeria, na Miloud Hamdi, na bado ikawa bingwa. Simba ikakaa na Fadlu Davids msimu mzima, akaifikisha fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, na Septemba 2025 akahamia Raja Casablanca kwa hiari yake. Kocha naye ana soko lake, na hakuna shabiki aliyemfukuza Davids.

Kinachotenganisha klabu hizi kwa miaka hii ni ubora wa anayechagua: nani anasajili, anasajili kwa mpango gani, na akikosea anaulizwa na nani. Simba haijatwaa ubingwa wa ligi tangu msimu wa 2020/21, ule wa fainali ya Kigoma, na katika kipindi hicho imebadili makocha mara nyingi mno kwa kosa kuwa la kocha mmoja. Juni 2024, baada ya Simba kumaliza nafasi ya tatu, wajumbe kadhaa wa bodi walijiuzulu na mwekezaji wake, Mohamed Dewji, akarudi kuwa mwenyekiti. Angalau safari hiyo hasira ilifika ghorofa ya juu.

Mwenye kadi, awe Ujiji au Knoxville, ana maswali matatu ya kupeleka kwenye tawi lake kabla kocha mpya hajatangazwa. Sifa gani zilitumika kumchagua? Amepewa lengo gani na kwa muda gani? Mkataba ukivunjwa, klabu italipa nini? Uongozi ukilazimika kuyajibu hadharani mwanzoni mwa msimu, Novemba ikifika na timu imefungwa mechi mbili, mashabiki watajua kama anayetakiwa kujibu ni kocha au ni mtu aliyemsainisha.