Saa Moja na Dakika 45: Triathloni Yangu ya Kwanza ya Msimu

Ukimwambia mtu wa Tabata kwamba umeshiriki triathloni, atakuuliza "Tria nini?" Nimelijibu swali hilo mara nyingi tangu Juni, kuanzia kwa fundi baiskeli wa pale Bima mpaka kwa konda wa gari la Segerea, kwa hiyo nimeona bora niandike mara moja yaishe.

Triathloni ni shindano moja lenye michezo mitatu iliyofuatana: unaogelea, unapanda baiskeli, unamalizia kwa kukimbia. Katikati hakuna mapumziko. Saa inaanza kuhesabu mnapoingia majini na inasimama ukivuka mstari wa mwisho, kwa hiyo hata ule muda wa kuhangaika na kamba za viatu ni muda wako. Niliyoshiriki mimi ni ile fupi: mita 750 za kuogelea, kilomita 20 za baiskeli, kilomita 5 za kukimbia. Ya Olimpiki, ambayo imekuwemo tangu Sydney 2000, ni mara mbili ya hiyo. Zipo na za kutisha. Rubavu kule Rwanda, kando ya Ziwa Kivu, 2022 lilianza shindano ambalo mtu anaogelea kilomita 1.9, anaendesha 90, halafu anakimbia 21. Hao tuwaache kwanza.

Kwetu Dar msimu unasubiri masika yaishe. Mvua zikiwa kali, Jangwani panafungwa, barabara za mitaani zinageuka madimbwi, na Mto Msimbazi unaisukumia bahari kila uchafu ulioukuta njiani. Ikifika Juni mvua imekatika, kusi inavuma, hewa imepoa kidogo. Ndipo watu wanatoa baiskeli nje.

Baiskeli na kukimbia havikunipa shida sana. Baiskeli yangu ni ya mtumba, nimeinunua kwa bumu la muhula wa kwanza (nikala maharage miezi miwili, sijutii), na mazoezi nilifanya alfajiri kutoka Segerea kwenda Kinyerezi mpaka Malamba Mawili, kabla daladala hazijachachamaa. Barabara ya Mandela sikushauri hata kidogo. Malori ya bandarini hayajui kama upo. Shida ilikuwa maji.

Nimezaliwa Tabata Kimanga. Tunaishi kwenye mji wa bahari, lakini bahari kwetu ilikuwa kitu cha sikukuu: unavaa nguo mpya, unapanda magari mawili mpaka Coco, unakula mihogo, unalowa mpaka magotini, unarudi nyumbani. Nilipokuwa darasa la sita, kijana wa nyumba ya pili alikwenda Idi Mosi na wenzake, na wenzake wakarudi bila yeye. Mama alipika kwenye ule msiba siku tatu. Aliporudi alituambia wote kwamba bahari basi. Nimejifunza kuogelea mwaka wa pili, kwenye bwawa la Mlimani, nikiwa na miaka 21, na nyumbani sikusema. Watoto wa miaka saba walikuwa wananipita, tena wakinicheka.

Wiki mbili kabla ya shindano ikabidi niseme. Mama hakupiga kelele. Alisema tu, "Maji usiyoyafika hujui wingi wake." Kisha, kwa kuwa ni mtu wa Kilwa Kivinje, akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: "Siku hiyo mwezi utakuwa na siku ngapi?"

Nikatazama kwenye simu. Kumi na saba.

Akahesabu kwa vidole. Hapa naomba nieleze, maana wengi wetu tumekulia Dar bila kulijua hili. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika kama 50. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji ni bamvua: yanapanda sana na kushuka sana, tofauti inazidi mita tatu, na kwa pwani ya Dar hujaa alfajiri mnamo saa kumi. Katikati ya vipindi hivyo ni maji mafu, yanapanda kidogo na kushuka kidogo. Sasa ukitoka mwezi mpevu, ongeza siku tatu za dakika 50, unapata maji yaliyojaa saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Shindano lilipangwa kuanza saa moja. Waandaaji walijua walichofanya: wangechagua siku ya bamvua lenyewe, saa nne asubuhi tungekuwa tunatembea juu ya mawe.

"Sawa," Mama akasema. "Maji yatakuwepo. Na mimi nitakuwepo."

Tulivuka na pantoni ya mapema kwenda Kigamboni, mimi na baiskeli, yeye na chupa ya uji. Ufukweni tulikuwa watu kama arobaini, maboya matatu ya rangi ya chungwa, na ngalawa mbili za wavuvi kwa ajili ya uokoaji.

Kwa nini kuogelea kunatangulia? Kwa sababu aliyechoka juu ya baiskeli anashuka, aliyechoka kukimbia anatembea, lakini aliyechoka majini hana pa kukaa. Unaingia ukiwa na nguvu zote. Nguo maalumu za baridi hazihitajiki kwetu, maji yana joto la kutosha hata kipindi cha kusi, na chumvi inakubeba kuliko bwawani. Ila bwawani kuna mstari chini unaoufuata. Baharini hakuna. Inabidi kila baada ya mikono sita au nane uinue macho utafute boya. Na mkondo wa pwani yetu unakwenda kaskazini mwaka mzima, kusi ikiuongezea nguvu, kwa hiyo ukielekea baharini unasukumwa kushoto bila kujua.

Mimi nilijua, nimeshasoma, na bado nilisahau. Filimbi ilipolia nikachapa mikono kama naokoa mtu. Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch, Februari 1974, kwa kuongoza tangu mwanzo. Nadhani kila Mtanzania akisikia filimbi anajiona Bayi. Kufika mita 200 kifua kilibana, nikainua kichwa, wenzangu wote wako kulia, mbali. Nikameza maji. Nikaanza kupiga miguu bila mpango, na nilichokuwa nawaza ni Idi Mosi.

Sheria inaruhusu kushika boya au chombo kilichosimama upumue, mradi usisogee mbele nacho. Ngalawa ikanijia, nikashika mrengu. Mzee aliyekuwemo akaniambia, "Pumua, kijana. Boya haliendi popote." Nilikaa hapo labda dakika moja. Kisha nikalala chali, nikatulia, nikageuka, nikaendelea polepole, nikiinua macho kila mkono wa sita. Nilitoka majini kwa dakika 24, wa tatu kutoka mwisho.

Ukisimama baada ya kulala majini muda wote huo, kichwa kinazunguka na ufuo unayumba. Unatembea hatua chache kwanza. Kwenye sehemu ya kubadilishia, sheria kubwa ni moja: helmeti unavaa na kuifunga kidevuni kabla hujagusa baiskeli. Wawili waliadhibiwa kwa hilo. Baiskeli ilikuwa raha, lami ya kuelekea Kibada, niliwapita watu kumi na moja na nikaanza kujiona mtu. Kumfuata mtu mgongoni ili akukingie upepo hakuruhusiwi kwenye mashindano kama haya, kwa hiyo kusi kila mmoja alipambana nayo mwenyewe.

Ukishuka ukaanza kukimbia, miguu si yako. Mapaja yamezoea kuzunguka kwa karibu saa nzima, sasa unayaambia yabebe mwili mzima, hayaelewi. Dawa yake ni mazoezini: kila ukimaliza baiskeli, kimbia dakika kumi hapohapo bila kukaa. Halafu kunywa maji mapema, kwa sababu unyevu wa Dar haukaushi jasho, na jasho lisilokauka halipoozi mwili. Kilomita ya kwanza nilikimbia kama mzee wa baraza. Ya tatu miguu ikarudi. Nikamaliza kwa saa 1, dakika 45, wa 27.

Mama alikuwa amesimama palepale nilipomwacha, na chupa ya uji haijafunguliwa. Alikuwa amekwishaona kofia moja ikienda kushoto peke yake, na alijua ni ya nani. Hakusema lolote mpaka tulipokuwa kwenye pantoni tunarudi, baiskeli katikati yetu.

"Pale chuoni wanafundisha siku gani?"

"Nikimaliza mitihani, Mama, nitakuwa naenda Jumamosi."

"Siulizii wewe. Nauliza kwa mdogo wako."