Mama Ametoka Thieta, Sasa Nini?

Simu inayoingia Dallas au London kutoka Kitengela huwa fupi: mama ametoka thieta, anatetemeka, anatapika, hatambui watu. Aliye ng'ambo hapati usingizi tena. Lakini mengi ya hayo ni ya kawaida, na jamaa wangestahili kuelezwa mapema.

Awe amepasuliwa Kitengela au katika hospitali ya rufaa ya kaunti mjini Kajiado, mgonjwa hapelekwi wodini moja kwa moja. Kwanza huwekwa chini ya uangalizi, apimwe presha, mapigo ya moyo na pumzi mara kwa mara. Ndiyo maana walioko nje hungoja hata baada ya kuambiwa upasuaji umekwisha. Kutetemeka na kichefuchefu mara nyingi hutokana na dawa za usingizi na baridi ya thieta. Koo huuma kwa sababu ya mpira wa kupumulia. Aliyechomwa sindano ya mgongo, kama akina mama wengi wanaojifungua kwa upasuaji, huwa macho ila miguu imekufa ganzi kwa saa kadhaa.

Linalotisha zaidi ni mzee kuchanganyikiwa. Anaweza kudhani yuko nyumbani Bissil, akamwita ndugu aliyekwisha kufariki, akang'oa dripu. Hajarogwa wala hajarukwa na akili. Nesi aambiwe, kwani huenda chanzo ni maambukizi au upungufu wa oksijeni. Kwa wengi hali hutulia baada ya siku chache. Kinachosaidia sana ni miwani yake, mtu anayemjua na lugha yake. Aliyezoea Kimaasai asiachiwe Kiswahili na Kiingereza pekee. Hapo mwana aliye mbali ana kazi kubwa kuliko kutuma pesa za bili: azungumze naye taratibu kwa simu, amkumbushe yuko wapi na kwa nini.

Maumivu nayo yasivumiliwe kishujaa. Anayeumia hapumui kwa kina, hakohoi wala hainuki kitandani, na hapo nimonia na damu kuganda miguuni hupata nafasi. Aombe dawa. Na hata akihisi njaa, uji usubiri ruhusa ya nesi.

Bandeji ikilowa damu, akihema kwa shida, kifua kikiuma au mguu mmoja ukivimba, nesi aitwe papo hapo. Akishafika nyumbani, homa au usaha kwenye kidonda ni sababu ya kurudi hospitalini bila kungoja kliniki. Kabla hajaondoka wodini, karatasi ya kuruhusiwa ipigwe picha na kutumwa kwa watoto wote, dawa na tarehe ya kliniki zikionekana.