Kocha wa viungo, dawa ya timu ya chuo inayolemewa kipindi cha pili

JE, umewahi kutazama mechi ya kandanda ya timu ya chuo ukashangaa jinsi mambo yanavyobadilika baada ya mapumziko? Kipindi cha kwanza vijana hutamba, hupiga pasi safi na kuwakaba wapinzani barabara. Ikifika dakika ya 65, mmoja ameketi chini akishika paja, mwingine amebanwa na misuli, na beki aliyekuwa akiruka juu sasa anatazama tu mpira ukimpita. Mabao mawili yanaingia kwa haraka.

Mashabiki watasema kocha hajui kupanga kikosi. Wengine watasema timu imechezewa. Lakini mara nyingi sababu ni rahisi zaidi: miili ya vijana hao haikutayarishwa kwa kazi ya dakika 90.

Hapo ndipo anapohitajika kocha wa viungo. Huyu si yule anayechagua wachezaji 11 wala anayefundisha mbinu za kupiga kona. Kazi yake ni kuujenga mwili wa mchezaji uwe na nguvu, kasi na pumzi, na juu ya yote, kuukinga usiumie. Klabu kubwa za Afrika Mashariki zimekwisha kuitambua kazi hii. Simba ya Dar es Salaam ilipofika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika msimu wa 2018/19, ilikuwa na kocha wa viungo kutoka Tunisia, marehemu Adel Zrane, katika benchi lake la ufundi.

Huenda utasema: hiyo ni Simba, yenye fedha. Sisi timu ya chuo tutamtoa wapi mtu kama huyo? Soma hadi mwisho, msomaji, kwani sehemu kubwa ya kazi hii haihitaji fedha.

Hesabu ya kwanza

Watu wengi hudhani kocha wa viungo huletwa ili wachezaji wawe na vifua vipana. Sivyo. Kipimo cha kwanza cha kazi yake ni hiki: wiki ya mwisho ya mashindano, ni wachezaji wangapi walio wazima?

Chukua mfano wa chuo chenye wachezaji 20 wa kutegemewa. Wanne wakiumia misuli ya paja na wawili wakiteguka vifundo vya miguu, kocha hana tena nafasi ya kuchagua. Atamchezesha aliyechoka, atamrudisha mgonjwa kabla hajapona, naye ataumia tena. Wataalamu wanakubaliana kwamba mtu aliyewahi kuumia misuli ya paja yumo katika hatari kubwa zaidi ya kuumia pale pale kuliko yule ambaye hajawahi.

Hata wanaolipwa hawaepuki. Uchunguzi wa klabu za kulipwa za Ulaya uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba kikosi cha wachezaji 25 hupata wastani wa majeraha 15 ya misuli kwa msimu mmoja. Zaidi ya thuluthi moja ya majeraha hayo yalikuwa ya misuli ya nyuma ya paja. Aidha, ilionekana kwamba majeraha huongezeka kadiri kila kipindi cha mchezo kinavyokaribia mwisho, yaani mwili unapochoka.

Kwa mwanafunzi, hasara haiishii uwanjani. Ukano wa ndani ya goti ukikatika, kijana huweza kukaa miezi mingi bila kucheza, akipanda ngazi za darasani kwa magongo. Gharama ya upasuaji humwangukia mzazi ambaye tayari anahangaika na karo.

Mlima wa Mghange na uwanja wa Voi

Sisi wa Taita Taveta tuna bahati ya pekee. Mji wa Voi uko kiasi cha mita 600 tu juu ya usawa wa bahari, na jua lake linajulikana. Ukipanda hadi Mghange, katika Milima ya Taita, unakuta baridi, ukungu na miteremko mikali. Kilele cha Vuria, kilicho kirefu kuliko vyote katika milima hiyo, kina mita 2,208.

Kijana wa Mghange aliyekulia kwenye njia hizo, akibeba maji na kuni, au akipanda na kushuka kila siku kwenda shule, hufika chuoni akiwa na mapafu mazuri na miguu imara. Kocha mwerevu huitumia hazina hiyo. Kukimbia kupanda mlima kwa sekunde 10 hadi 15, kisha kurudi kwa kutembea, hujenga nguvu za mapaja na makalio bila kuyagonga sana magoti, kwa sababu mguu hautui kwa kishindo kikubwa.

Hata hivyo, yapo mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, kushuka mlima kwa kasi ni kazi tofauti kabisa. Misuli ya mbele ya paja hulazimika kufunga breki huku ikivutwa, na ndiyo sababu mtu asiyezoea huamka kesho yake akiwa hawezi kukaa vizuri. Usiwashushe wachezaji wako mbio siku mbili kabla ya mechi.

Pili, mlima si uwanja. Ukipanda, hatua huwa fupi, na misuli ya nyuma ya paja haivutiki kama inavyovutika mtu anapokimbia kwa kasi yake yote mahali tambarare. Kijana aliyezoea mlima tu anaweza kuchanika misuli siku ya kwanza anapoukimbilia mpira mrefu pale Voi. Kwa hivyo, kila wiki apewe pia mbio chache za kasi kwenye uwanja tambarare, akiongezewa kidogo kidogo.

Acheni mbio ndefu za kila asubuhi

Katika timu nyingi, mazoezi ya viungo maana yake ni kuzunguka uwanja mara 20 au kukimbia barabarani kilomita 10 kila alfajiri. Ni kweli kwamba mchezaji wa kulipwa hupita karibu kilomita 10 hadi 13 katika mechi moja. Lakini hazikimbii kwa mwendo mmoja. Sehemu kubwa hutembea au hukimbia polepole, kisha ghafla hutoka kwa kasi, husimama, hugeuka, huruka na kugongana na mtu. Mechi huamuliwa na hizo mbio fupi.

Mazoezi basi yafanane na mchezo. Mbio za mita 20 au 30 zenye mapumziko ya kutosha, kubadili upande, kuruka na kutua kwa magoti yaliyokunjwa, na michezo midogo ya wanne dhidi ya wanne, huzaa matunda mengi kuliko mizunguko ile 20.

Dakika 20 zinazookoa magoti

Shirikisho la Kandanda Duniani, FIFA, lina programu ya kupasha mwili moto iitwayo 11+. Huchukua dakika 20 na haihitaji kifaa chochote zaidi ya mpira na alama za kuwekwa chini. Ina sehemu tatu: dakika 8 za kukimbia polepole na kunyoosha viungo, dakika 10 za nguvu, kuruka na kusimama kwa mguu mmoja, na dakika 2 za kukimbia kwa kasi zaidi.

Je, inafaa kitu? Nchini Marekani, timu 61 za kandanda za wanaume wa vyuo zilifuatiliwa msimu wa 2012. Zile zilizofanya programu hii zilipata majeraha pungufu kwa karibu asilimia 46 zikilinganishwa na zile zilizoendelea na desturi zao. Karibu nasi zaidi, uchunguzi wa timu 20 za vijana mjini Lagos, Nigeria, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha majeraha yakipungua kwa asilimia 41. Viwanja vya Lagos na hali za vijana hao hazitofautiani sana na zetu.

Siri ni moja: programu ifanywe angalau mara mbili kila wiki, msimu mzima. Timu inayoifanya wiki moja kisha ikaiacha haitapata faida yoyote.

Zoezi jingine la kuongezwa ni hili. Mchezaji hupiga magoti mahali laini, mwenzake akamshika vifundo vya miguu kwa nguvu. Kisha hujiinamisha mbele polepole, mwili ukiwa umenyooka kutoka magotini hadi kichwani, akijizuia asianguke, hadi mikono iguse chini. Nchini Denmark, zoezi hili lilijaribiwa katika timu 50 na matokeo yakachapishwa mwaka 2011. Walioumia misuli ya nyuma ya paja katika kundi lililolifanya walikuwa 15. Katika kundi ambalo halikulifanya walikuwa 52. Anza na mara 5 kwa awamu mbili, siku moja tu katika wiki ya kwanza, kisha ongeza taratibu. Siku za mwanzo litauma.

Anayejenga anaweza kuua

Msomaji, hapa naomba usome kwa makini. Kocha wa viungo asiyejua kazi yake ni hatari kuliko kutokuwa naye.

Tarehe 29 Mei 2018, Jordan McNair, mwanafunzi wa miaka 19 wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, aliyecheza mpira wa Kimarekani, alizidiwa na joto wakati wa mazoezi ya mbio. Hakutumbukizwa katika maji baridi kama inavyopaswa. Alifariki tarehe 13 Juni. Baadaye chuo kilikiri kuwajibika kwa kifo chake.

Voi pana jua la kutosha kuleta msiba kama huo. Mwili huhitaji siku 10 hadi 14 kuzoea joto. Timu iliyofanya mazoezi yake yote kwenye baridi ya Mghange isishuke asubuhi ya mechi ikadhani itakuwa sawa na wenyeji. Ikiwezekana, itangulie kushuka mara kadhaa kabla ya mashindano.

Hatari nyingine ni siku za kwanza baada ya likizo ndefu. Mwongozo uliotolewa mwaka 2019 na vyama vya makocha wa viungo vya Marekani unashauri wiki ya kwanza mzigo wa mazoezi ya pumzi upunguzwe kwa nusu, na ya pili kwa asilimia 30. Mazoezi yasitumiwe kamwe kama adhabu ya kuchelewa au kufungwa.

Mchezaji akianza kuyumbayumba, kusema maneno yasiyoeleweka au kuzimia kwenye joto, usingoje. Mpeleke kivulini, mvue jezi, mtumbukize katika beseni kubwa la maji baridi au mmwagie maji mfululizo huku mkimpepea. Mpozeni kwanza, wakati gari la kumpeleka hospitali likitafutwa.

Aidha, wapo watu wanaobeba chembe ya urithi ya selimundu bila kujua, na huku Pwani si wachache. Wengi wao hucheza bila shida, lakini mazoezi makali ya mfululizo bila mapumziko yanaweza kuwaangusha. Kipimo chake ni cha damu. Afadhali kila mchezaji ajue hali yake.

Sahani na kitanda

Nguvu hazijengwi uwanjani peke yake. Sahani ya kimanga, yaani muhogo au ndizi zilizopondwa pamoja na maharagwe au mbaazi, ambayo Wadawida wameila tangu zamani, ni chakula bora cha mwanamichezo. Ina wanga wa kumpa nguvu na protini ya kutengeneza misuli. Ukiongeza yai na mboga, hakuna unga wa kopo wa bei ghali unaohitajika.

Maji nayo yapimwe. Mpime mchezaji uzani kabla na baada ya mazoezi. Kila kilo moja iliyopungua ni takriban lita moja ya maji aliyopoteza. Kijana wa kilo 65 asipoteze zaidi ya kilo moja na robo hivi.

Usingizi wa saa nane ni dawa isiyouzwa. Anayekesha akisoma au kunywa mbangara usiku wa kuamkia mechi hawezi kuokolewa na kocha yeyote.

Nani ataifanya kazi hii?

Kama chuo chako hakiwezi kumwajiri kocha wa viungo, mteue mtu mmoja. Anaweza kuwa mwalimu wa michezo, muuguzi wa zahanati ya chuo, au mwanafunzi mwenye nidhamu aliyeacha kucheza. Mpe daftari. Humo aandike kila siku nani amekuja, nani ameumia, wapi, na amekosa siku ngapi. Kila mchezaji pia aseme, kutoka 1 hadi 10, mazoezi ya leo yalikuwa mazito kiasi gani. Anayesema 9 wakati wenzake wanasema 5 ana jambo, aulizwe.

Mifuko ya mchanga iwe vyuma vyenu, mteremko uwe mashine yenu, na mti uwe mahali pa kuning'inia.

Jambo la mwisho ni gumu zaidi. Mtu huyo apewe mamlaka ya kusema "huyu leo hachezi," na kocha mkuu amsikilize, hata kama anayezuiwa ni mfungaji bora na mechi ni fainali. Maumivu ya goti yanayoambatana na uvimbe, au mguu usioweza kukanyaga, yapelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo, iwe ni hospitali ya Moi mjini Voi au ile ya Wesu. Kombe litashindaniwa tena mwaka ujao, lakini kijana hana goti la akiba.